Rula ya Sentimita Thelathini

Nimesukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha mazoezi,
mimi Kiwelu, niliyewakimbiza watoto wa Moshi miaka ishirini na minane
kwa filimbi ya chuma
na saa iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.
Na anayenipokea, jamani, ni Aikande.

"Shikamoo, Mwalimu. Kaa hapa. Nyoosha miguu."
Anaweka boksi mbele ya nyayo zangu,
boksi lilelile, au ndugu yake,
na juu ya boksi, rula.

Naijua rula hii.
Mwaka ule wa kuchagua timu ya mkoa
niliwapanga foleni uwanjani Pasua kabla jua halijachoma,
mlima umejifunika wingu hadi shingoni,
nikawapima kama mtu apimaye mahindi sokoni.
Stamina: mizunguko kumi na miwili, aliyeishiwa pumzi akae pembeni.
Nguvu: ruka kutoka ulipo, usiibe hatua.
Kasi: mita thelathini, na msinitazame mimi, tazameni mbele!
Wepesi: pinda kati ya chupa zilizojazwa mchanga,
ukiangusha moja, rudi mwanzo.
Mwisho, unyumbufu. Boksi. Rula.

Aikande aliwaacha wote kwenye mbio, wavulana pia.
Alikuwa akishuka kutoka Uru kwa miguu, alfajiri,
na jioni akipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani,
akipita juu ya ukingo wa mfereji kama paka juu ya ukuta.
Mizani ile hakufundishwa na mtu. Hata mimi sikumfundisha.
Lakini alipoketi mbele ya boksi
vidole vyake viligoma kufika kwenye alama.
Sentimita mbili.
Nikaandika: pungufu.
Daftari langu lilikuwa na safu saba, na mwanamichezo
ni yule aliyezijaza zote.
Nikalikata jina kwa wino mwekundu.
Hakulia. Aliinama kufunga viatu
ambavyo havikuwa na kamba.

Sasa mkono wangu wa kushoto umelala pajani
kama mgeni asiyejua kuaga.
"Simama kwa mguu mmoja, Mwalimu. Nahesabu."
Moja. Mbili. Ta—
Amenidaka kabla ya ukuta.
Kilo zangu themanini na tatu, na hakutoa hata mguno.
Hiyo niiweke safu gani?

Anainua rula, mimi natanua vidole chini yake.
"Nikiiachia, idake."
Inaanguka, sakafu inapiga kelele.
Tena.
Tena. Muuguzi mlangoni anajifanya anakunja shuka.
Mara ya sita gumba linaibana ukingoni kabisa,
penye ishirini na nane.
Angekuwa mtoto wa darasa la sita
ningesema: huyu bado amelala, mrudisheni kwao.

"Andika," namwambia. "Pungufu."
Anaichomoa kalamu nyuma ya sikio. Ni penseli.
Anaandika namba, basi, bila neno.
"Kesho tunaanzia hapo."

Nataka kumuuliza kama anaukumbuka uwanja ule,
ulimi wangu nao siku hizi una mwendo wake.
Kabla haujafika
Aikande amekwisha kupiga goti,
ananifunga kamba za viatu,
mafundo mawili kila mguu,
anayakaza.