Dakika Kumi na Tano za Mogocha

Ukitaka kuniona nikikimbia, njoo Mogocha.
Treni husimama dakika kumi na tano.
Abiria hushukia samaki wa moshi na sigara,
nami, Taisia wa behewa la saba,
nasimama mwisho wa jukwaa, penye taa mbovu,
simu juu ya kichwa kama mtu anayekinga mvua.
Hapo tu ndipo mtandao hushika.

Baadaye ni misonobari,
misonobari kwenye foleni isiyo na dirisha mbele,
na kile kiduara katikati ya kioo
kinazunguka, kinazunguka,
hakina kituo wala nauli.

Miaka kumi na tisa ya reli imenifunza.
Sipakui picha angavu: kioo chenyewe ni kiganja.
Ya kati yatosha, na vipindi vitatu
huingia mahali pa kimoja.
Mwanga naushusha hadi robo.
Mtandao nauzima, usihangaike kuita minara isiyokuwepo
ukanilia betri bure.
Chovya chovya humaliza buyu la asali:
nimewaona vijana wa behewa la tano
wakionja hiki sekunde kumi, kile ishirini,
wanafika Chita hawana bando, hawana hadithi.

Sikio la kulia ni la tamthilia.
La kushoto ni la kazi:
birika linalochemka, mtoto anayekohoa,
mlevi anayetafuta choo dirishani.

Mwezi wa pili alipanda Bair, fundi mitambo,
anakwenda mgodini zamu ya siku arobaini na tano.
"Dada, humu mna mtandao?"
Nilicheka mpaka bilauri zikalia.
Nikampa kisikizi cha kushoto, hakikuwa na kazi.

Tukaketi juu ya gunia la mashuka,
simu imeegemea kopo la sukari,
tukamtazama daktari wa farasi
anayewatibu wanyama na kuwadanganya watu.
Bair alicheka kabla kichekesho hakijafika.
Kipindi cha mwisho, dakika ya thelathini na moja,
daktari ameshika kitasa cha mlango wa dada yake,
breki zikalia: Skovorodino.

Akavaa kofia. "Usinihadithie," akasema.
Akageuka ngazini. "Na wewe usitazame."

Jamani, sharti gani hilo!
Huko aendako mnara ni wa mgodi tu.
Nikabonyeza. Daktari akaganda na kitasa chake.

Simu imejaa tangu hapo.
Nimefuta harusi ya mpwa wangu, nimefuta ramani,
nimefuta mapishi ya kabichi ambayo sikuwahi kupika.
Siku ya thelathini kipindi kikajifuta chenyewe,
ndiyo sheria ya kampuni: ulichopakua umeazimwa.
Akiba haiozi, walisema,
waliosema hawakulipia kifurushi cha mwezi.
Mogocha nikakimbia tena,
nikakipakua upya, nikakisukuma
hadi thelathini na moja, macho nimeyafumba nusu.

Kesho kutwa tunapita Skovorodino tukirudi magharibi,
saa tisa usiku.
Hatukupeana namba.
Simu nimeichaji.
Kile kisikizi cha kushoto
nimekifuta kwa spiriti, mara mbili.