Safu ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mwaka wa kwanza nilidhani uzamivu ni kuzama.
Profesa Indrasena akanipa kiti kibovu na kusema:
"Zama utakavyo, binti, lakini uibuke na namba."

Hyderabad. Bweni la wanawake, ghorofa ya tatu.
Zeenath wa Kemia anapika tambi kwenye birika la umeme
kinyume cha kanuni ya saba.
Posho ya utafiti ilichelewa miezi minane;
sura ya pili, inayohusu ujira,
niliiandika kwa pesa za kuazima.

Mlinganyo wangu ulikuwa mzuri.
Kushoto, ujira wa msokota bidi.
Kulia, umri, elimu, umbali wa ghala la wakala,
na mwishoni, kama mkia wa mjusi,
herufi ndogo ya Kigiriki
inayobeba yote tusiyoyajua.

Tulikwenda Armoor na madodoso mia tatu,
mimi na Narsing na pikipiki yake.
Wanawake walijibu bila kuinua macho:
jani, tumbaku, kidole gumba, uzi,
jani, tumbaku.
Ndugu hahoji ndugu, ndiyo sheria.
Kwa hiyo Narsing alipofika kwetu
nilisimama bombani, nikajaza ndoo iliyokwisha kujaa.

"Jina?"
"Lasmavva."
"Umri?"
"Andika hamsini."
"Unafanya kazi saa ngapi kwa siku?"
Mama akatazama ungo wake.
"Nne. Nyingine nipo tu nyumbani."

Nipo tu.
Huko kuwapo tu nakujua.
Alfajiri analowesha majani,
mchana anayakata kwa kipimo cha bati,
usiku anafunga vichwa vya bidi kwa ukucha
chini ya taa ileile niliyosomea,
mkasi wake ukinisahihishia hesabu.
Kesho yake wakala anatupa kando mia katika kila elfu,
"mbovu hizi,"
na jioni anaziuza.
Ada yangu ya darasa la kumi ilitoka
katika saa ambazo hazipo.

Usiku, kompyuta. Safu ya mia mbili na kumi na mbili.
Saa: 4.
Gawa ujira kwa nne, mama yangu amepita wastani,
karibu tajiri.
Gawa kwa kumi na moja,
sitaki kuandika hapa kinachotokea.
Nikibadili, nimeghushi.
Nikiacha, nimeghushi vilevile, ila kwa kufuata kanuni.

Nilimpelekea Profesa. Alikunywa chai yake isiyo na sukari
mpaka chini kabisa.
"Huyu unamjua," akasema.
"Wale mia mbili tisini na tisa, nani anawajulia?"

Nikarudi Armoor. Mwaka mzima ukaondoka hivyo,
mjomba Rajaram akiuliza kila harusi, "Bado tu?"
Sikuuliza tena kuhusu saa.
Niliuliza: muuza maziwa akipita, mikono yako iko wapi?
Tamthilia ya televisheni ikianza?
Mtoto akilia? Umeme ukikatika?
Wakacheka. Posani, jirani yetu, akaacha kucheka katikati,
akahesabu kwa vidole vyenye rangi ya tumbaku,
akaanza upya,
kisha akaniomba nisimwambie mumewe.

Jedwali likageuka. Mlinganyo mzuri ukavunjika,
nikaushona, ukavunjika tena.
Sura ya nne sasa ina tanbihi ndefu kuliko ukurasa
na msimamizi wangu ameizungushia duara
bila kusema kama ni kosa au sifa.

Jana mama alipiga simu. Nilisikia mkasi.
"Umemaliza?"
"Bado."
"Unakula?"
"Nakula."
"Hiyo kazi yako, unaifanya saa ngapi kwa siku?"
Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa za usiku.
Zeenath alikuwa amelala na viatu.
"Nne," nikasema. "Nyingine nipo tu."
Mkasi ukanyamaza kidogo,
ukaendelea.