Vipimo vya Ukuta

Nyemo, picha imefika. Mtandao ulipanda saa nne usiku,
nikaifungua nimejifunika shuka gubigubi.
Nimeuona mji wako wa ng'ambo:
nyumba za manjano ya bizari, nyingine buluu ya sabuni ya mche,
vibaraza vya mbao vimening'inia juu ya njia kama vizimba,
maua yanamwagika humo bila mtu wa kuyazuia.
Halafu ule ukuta.
Mpana, umesema, gari lingepita juu yake,
na mizinga bado inaikodolea macho bahari ya Karibi,
inamsubiri mwizi aliyekufa zamani.

Umeandika: Wahispania waliujenga.
Mwanangu, hapo nilicheka peke yangu.
Hapa nako wanasema Mjerumani alijenga boma.
Mjerumani gani alibeba jiwe?
Babu yangu Chilongani alibeba, kutoka korongoni,
na begani ikamwota sugu
ambayo utotoni niliruhusiwa kuigusa
siku za Jumapili tu.
Aliyedondosha jiwe alihesabiwa hamsa ishirini.
Hesabu ya babu ikaishia hapo.
Mbuzi wake wa ishirini na sita
aliitwa Mwingine.

Nilipokuuliza ya huko yalibebwa na nani
ulikaa kimya siku mbili.
Kisha: Mama, ni watu weusi, walishushwa melini.
Majina hayakuandikwa.

Basi ulipoomba nikupimie boma la Kilimatinde
kwa ajili ya kitabu chako cha chuo, sikubisha.
Nilichukua kamba ya kufungia ndama,
nikapiga fundo kila pima moja,
nikaenda asubuhi, upepo wa Bahi haujapanda mlima.
Mlinzi, yule Sakalani wa kwa Mbijima, akanidai kibali.
Nikamwambia babu yangu alishalipa.

Mashariki: pima kumi na tisa.
Nyuki wamehamia kwenye matundu ya bunduki,
wananguruma kwa zamu.
Kaskazini: kumi na mbili, kisha ukuta unakatika
kama sentensi ya mlevi.
Mawe yake yako kwenye choo cha shule,
yako kwenye banda la kuku la Yudita,
mawili yamekaa kichwani mwa kaburi la mwalimu Ndahani.
Nilinung'unika. Niliwaita wezi, tena kwa sauti.

Tembe letu sisi lilimeguka kila kifuku,
na kila kifuku mama alilikandika upya:
udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, majivu.
Vidole vyake vilibaki ukutani, mistari minne minne,
mpaka mvua ije ivilambe.
Hakuna mgeni aliyelipa kiingilio avitazame.
Hakuna mgongo uliochanika ili lisimame.

Jioni nikakoka moto, nikainjika maji ya ugali.
Figa la kushoto likaniangalia.
Nyuso zake zimechongwa kwa patasi,
na upande wa nyuma, chini ya masizi,
nilipokwangua kwa kucha,
chokaa.

Marehemu baba yako alilileta mwaka ule tulipooana,
amelibeba begani, jasho linamtiririka, anatabasamu.
Sikumuuliza alikolitoa.
Zawadi haiulizwi ukoo.
Miaka thelathini na mmoja nimepikia juu yake.
Uji wako wa kwanza ulichemkia hapo,
na maji ya kukukanda ulipovunjika mkono,
na chai ya waliokuja kumlilia yeye.

Huko kwenu, hebu chungulia majikoni,
nyuma ya hizo nyumba za rangi.
Wapikaji hawakosi cha kukisimamishia chungu.

Kwenye kitabu andika hivi:
mashariki kumi na tisa,
kaskazini kumi na mbili na ushee,
magharibi sikupima, kuna siafu.
Jumla, pungufu jiwe moja.
Usiseme liko wapi.
Bado lina moto.