Aliye Juu

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.
Wahenga hawakuwahi kulaliwa na Tainara.
Nimemngoja dakika nne, saa ya ukutani shahidi,
na bado hajashuka.

Ghorofani, juu ya fundi pikipiki,
Belém inanyesha mvua yake ya saa tisa.
Bati linapiga kelele, mikeka ya mpira inanuka siki
na jasho la jana,
na kilo sitini na moja za msusi wa nywele
zimekaa juu ya mbavu zangu
kama deni.

Mwalimu Edinalva haangalii mikono.
Anatuzunguka na kikombe chake cha kahawa, anasema:
"Mikono ni ya watu wenye hofu. Nataka kifua.
Nataka hewa ikose pa kupita kati yenu."

Tainara anatii.
Kwanza ubavuni: bega lake linanigeuza shavu
nione ukuta tu, na kalenda ya mwaka juzi.
Halafu goti, juu kidogo ya kitovu,
lile goti dogo lenye kovu la baiskeli,
na dunia nzima imesimama juu yake.
Halafu, sijui saa ngapi, nilikuwa natafuta pumzi,
yuko kifuani, amenikalia
kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.

Najipinda. Nainua kiuno; daraja langu linabomoka.
Nampa mgongo, kosa la mwanafunzi wa juzi,
na miguu yake inanizunguka kiunoni, visigino ndani ya mapaja,
mkono unapenya chini ya kidevu,
kabari,
polepole, bila chuki.
Nagonga mara mbili.
Ananiachia. Ananifuta jasho la uso kwa kiganja chake.
"Tena?"

Usiku, nyumbani Jurunas, baba yuko chali toka jua lizame.
Huyu ndiye Valdomiro aliyebeba magunia ya unga wa muhogo
mawili mawili, akipiga mluzi.
Sasa nusu ya mwili wake ni mgeni asiyeitikia salamu.
Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe,
la sivyo mgongo utachimbika vidonda.
Miaka miwili nimemvuta kwa mikono.
Alilia. Nililia.
Mikono ni ya watu wenye hofu.

Leo napanda kitandani.
Goti kando ya nyonga yake, si juu yake.
Kifua karibu, hewa ikose pa kupita.
Mkono mmoja chini ya bega, mwingine nyuma ya goti,
wala simvuti: naanguka taratibu, naenda naye,
uzito wangu umeushika wake mkono
kama watoto wanaovuka barabara.

Kageuka.
Ananitazama kwa jicho lile linalotii.
"Na-nani kakufundisha?" Mdomo umepinda, maneno yanatoka vipande.
Namwambia: kuna mwanamke
hunikalia kifuani kila Jumanne.

Anacheka mpaka mate yanamtoka,
na vidole vyake, vile vizima, vinagonga godoro
mara mbili.

Naweka mto nyuma ya mgongo wake.
Nafuta kidevu.
Saa sita nitarudi, tuanze tena.