Mistari Mitatu

Fomu imeacha mistari mitatu
chini ya maneno WAMILIKI WALIOTANGULIA.
Karani amenipa kalamu iliyofungwa uzi mezani,
uzi mfupi, kama aliyejua nitataka kuandika mengi.

Niandike Seif bin Khalfan?
Alijenga hapa Utaani mwaka karafuu zilipokubali,
akataka dirisha pana upande wa uani
ayaone majamvi yake,
ahesabu pishi bila ya kushuka ngazi.
Lakini chokaa aliichoma Songoro,
siku saba, mchana na usiku, nyusi zikamteketea,
na Songoro hakuwa na jina la baba
ambalo karani yeyote angelipokea.

Kisha karafuu zikakataa.
Seif akakopa magunia kwa Dhanji Velji, akakopa nguo,
akakopa harusi ya bintiye nzima nzima, na ngoma yake,
mpaka rehani ikapanda ngazi, ikavua viatu,
ikakaa.

Dhanji akalitanua dirisha likawa duka:
kibiriti, mafuta ya taa, bizari kwa kijiko.
Usiku mmoja kwa mwaka mkewe Rukmini
alipanga vijitaa vya udongo kizingitini,
na watoto wa mtaa wakaja kutazama kimya
kama watazamao sahani ya mgeni.

Mwaka sitini na nne hauna mstari wake kwenye fomu.
Dhanji alifunga Alhamisi, akasema atafungua Jumamosi.
Bibi yangu Mize aliachiwa birika la shaba
na deni la shilingi mbili.
Deni hakupata wa kumlipa.
Birika alilisugua kila Idi.

Likaja bango, MALI YA SERIKALI,
rangi ikavuja kutoka herufi ya mwisho.
Dirisha likatiwa nondo; ndani akakaa Shaame Kombo
na mizani, na daftari la mchele wa kadi.
Mama, umri wake miaka tisa,
alisimama foleni tangu alfajiri akilinda mawe manne:
kila jiwe ni jirani aliyelala.
Shaame alipima, na dole gumba lake likapima naye.

Halafu tukagaiwa. Familia nne, choo kimoja.
Baba akapata chumba cha dirisha,
na Mzee Faki wa uani akasema moshi wetu unamwingia,
akaliziba kwa matofali usiku, kwa saruji ya kuazima.
Wamekufa wote wawili. Na wajukuu zake
bado twasalimiana msibani tu.

Nimezaliwa mbele ya dirisha lile.
Nilidhani kila nyumba ina ukuta
unaotoka jasho mahali pamoja.
"Nyumba hino haina mwenyewe," alisema Bibi,
akipeta mchele, macho hakuyainua,
"ina wenye zamu."

Mwaka juzi alibisha hodi mama mmoja, fimbo mkononi,
lafudhi yake ya Wete kuliko yangu.
Mjukuu wa Dhanji. Nyumba hakuitaka.
Alitaka kujua kama ngazi ya nne bado inalia.
Nikamwambia ngazi tuliipasua kuni
mwaka ghorofa ilipoanguka.
Akacheka, akacheka sana, kisha akaomba maji.
Nikammiminia kutoka birika lile la shaba.
Akanywa. Akanirudishia gilasi.
Sikumwambia.
Mpaka leo sijui kwa nini.

Sasa kaka yangu Hamad kapata mnunuzi wa Unguja,
mtu wa ghorofa tatu na vioo vya buluu.
Karani anakohoa. Nyuma yangu
mtu kaacha mkoba sakafuni umshikie nafasi,
kenda kusali.

Naandika: Seif.
Naandika: Dhanji.
Naandika: Serikali.
Mistari imekwisha, wala sisi hatumo.

Pembeni mwa karatasi pana peupe, upana wa kidole.
Kalamu haifiki.
Navuta uzi, S ya Songoro tu, S moja,
na meza nzima
inasogea.