Njoo na Kitambaa

Mtoto wa kaka yangu, Chigwiye, kijana wa matangazo,
amenifungulia ukurasa.
Kanipiga picha nimekunja mikono,
nyuma yangu ukuta wa samawati
usio wa ofisi yangu.
"Shangazi, tabasamu, lakini si sana,
ufanane na mtu anayejua."
Kisha akaandika, bila kuniuliza:
RUDISHA FURAHA YAKO NDANI YA SIKU SABA.
Kikao cha kwanza nusu bei.

Nikamwambia, futa siku saba.
Akafuta, akaweka kumi na nne.

Niko Chang'ombe, chumba cha nyuma,
kwenye uchochoro ambako upepo wa Agosti
unaingiza vumbi hadi kwenye kikombe.
Viti viwili, feni, boksi la tishu,
na saa niliyoitundika nyuma ya mteja
asinione ninavyoitazama.
Chumba cha mbele ni cha Mama Ndahani:
cherehani mbili, kioo kirefu, redio.
Kuja kwangu lazima upite kwake.

Jioni simu ikatetemeka:
watu elfu nne na mia tatu wamekufikia.
Nikaangalia mlangoni.
Alikuwepo paka.

Chigwiye anasema kinachokosekana ni ushuhuda.
"Mlete mmoja tu, aseme alivyokuwa na alivyo sasa,
hata uso tutauficha."
Nimlete nani?
Yule wa wizarani, aliyehamishwa pamoja na makabati,
mke akabaki Dar na watoto,
ambaye kila Jumapili hupiga pasi mashati matano
kisha hukaa kitandani akiyatazama?
Tayari nimesema mengi.
(Idadi ya mashati nimeibadilisha. Siku pia.)
Huu ni mji mkuu, sawa,
lakini ukipiga chafya Nkuhungu
Makole wanajua umelala dirisha wazi.

Kwa hiyo hakuna anayeupenda ukurasa wangu.
Kidole gumba ni shahidi mahakamani:
shemeji ataona, bosi ataona,
kiongozi wa kwaya ataona na kuleta maombi.
Wanapita kama wanavyopita duka la majeneza,
macho mbele, hatua ndefu.

Ila saa nane usiku
simu ikawaka kando ya mto wangu.
Mtu anaandika.
Ameacha.
Anaandika.
*Samahani, hii ni namba ya fundi cherehani?*

Nilikuwa nimeshaandika "umekosea",
kidole kikasita.
Nani anatafuta fundi saa nane usiku?
*Ndiyo,* nikajibu. *Unashona nini?*
Dakika sita. Nilizihesabu.
*Sijui. Imechanika sehemu nyingi.*

*Basi njoo na kitambaa,* nikaandika.
*Chochote. Ukiulizwa njiani, unakwenda kupimwa.*

Alikuja na kitenge mita tatu, cha bluu,
bei bado imebandikwa.
Akakiacha kwa Mama Ndahani, akaingia kwangu,
akakaa dakika hamsini, thelathini na mbili kimya.
Wiki iliyofuata akaja na hicho hicho.

Sijui habari ilisambaaje; mimi sikusema.
Chigwiye analalamika, namba zimeshuka,
wiki nzima nimewafikia watu tisini,
amechoka na shangazi asiyetaka kukua.
Lakini rafu ya Mama Ndahani imejaa:
khaki, satini, shuka la mtoto,
kipande cha pazia alichoshika mzee wa Kongwa
kana kwamba kitamponyoka.
Hakuna anayekidai chake.
"Wateja wako hawa," ananiambia, uzi kinywani,
"watanifilisi kwa nafasi."
Na kila jioni anavikunja upya.

Jana yule wa kitenge cha bluu alitoka kwangu,
nikasikia hatua zake hazielekei barabarani.
Nikachungulia.
Alikuwa mbele ya kioo kirefu, mikono ameinyanyua.
"Leo nipime kweli," alisema.

Mama Ndahani hakuuliza kitu.
Akapunguza redio, akatoa futi shingoni,
akaanza na mabega.