Ruhusa Iliyokwisha Kusainiwa

Ruhusa ilisainiwa tangu Machi:
Jumanne hii ya Novemba, niwe Kyoto.
Sikumwambia bosi kwamba tiketi
iligeuka chuma na skrubu
ndani ya nyonga ya mama.
Siku imeshatolewa. Nani huirudisha siku?

Nikaamka saa kumi na moja, nikafunga mkoba
kama msafiri: maji, ndizi mbili, mwavuli,
daftari la masomo ya Kijapani.
"Unakwenda wapi mapema hivi?"
"Kazini, mama." Uongo mdogo,
unaoenea kwenye mfuko wa koti.

Kwanza hekalu, kabla umande haujakauka,
ndivyo nilivyokuwa nimepanga.
Langu likawa Ngara, nyuma ya maduka ya vipuri,
na mlinzi, Wekhomba, hakuinua uso gazetini:
"Viatu hapo. Mkanda pia, kama ni ngozi."
Marumaru ikaniuma kidole gumba
kupitia tundu la soksi.
Aliyekuwa ndani hakuwa Budha, najua,
wala sikujua nimwombe nini mungu wa watu.
Nilisimama tu, nikimtazama bibi wa sari ya kijivu
akizoa maua ya jana, ya rangi ya chungwa,
akiyalaza kwenye karai la plastiki
kama mtu anayelaza mtoto aliyesumbua usiku.
Kengele ikalia. Hakuna aliyeniuliza kabila.

Kisha bustani.
Nilitaka changarawe iliyochanwa kwa reki,
mawe matatu yanayojua kunyamaza.
City Park ikanipa benchi lenye mguu mmoja mfupi,
wanafunzi wawili watoro wakishikana mikono,
na kima aliyeshuka bila salamu.

Mwalimu Hatanaka, Jumamosi zile,
alitufundisha shairi fupi la kwao
akihesabu silabi kwa vidole: tano, saba, tano.
Wenzangu walihangaika. Mimi nikacheka moyoni:
mizani hiyo! Nilichapwa kwayo darasa la saba.
Nikafungua daftari, nikaandika:

    Kima mtini
    amenya ndizi yangu
    bila haraka.

La pili halikuja. Ndizi ya pili nikaila mwenyewe.

Saa nane nilikuwa Karura, na mvua nami.
Neno ni lile lile, vuli, mwalimu alilitumia pia:
kwao vuli ni milima iliyowaka majani mekundu,
watu wakipanga foleni kutazama jani likianguka.
Kwetu vuli ni matope hadi kwenye kifundo
na mwavuli uliogeuka bakuli.
Lakini mianzi ya pale mtoni
ilikuwa mianzi, haikujifanya kitu kingine.
Ilisuguana juu ya kichwa changu
ikitoa sauti ya mlango wa kabati la zamani.
Maporomoko yalishuka na povu,
na povu lilinukia sabuni ya mtaa fulani wa juu.
Nikakaa juu ya jiwe lenye maji.

Nitasema sasa lile ambalo sikulisema wodini:
niliionea nyonga ile wivu.
Nilizikumbuka noti moja moja,
zamu za usiku maabara, damu za watu nilizoziandikia lebo,
miaka minne ya chai bila mkate,
na mama akitia sahihi kwa dole gumba la wino
huku akisema, "Si ungeenda tu."
Si ningeenda tu.
Jani moja likaanguka mtoni. La kijani, halikuwa hata limekomaa.
Nililitazama mpaka likapotea.
Sikuwa kwenye foleni yoyote.

Jioni nikabisha kwetu, Kariobangi, ghorofa ya kwanza.
Funguo ninazo, ila nilibisha.
Nikasikia kiti kikilia, kisha hatua,
bila ile ngo ya mkongojo sakafuni:
tano, akapumzika;
saba, akapumzika;
moja, mbili, tatu, nne.
Nikangoja ya tano.

Mlango ukafunguka.
Mama akatazama viatu vyangu kwa muda mrefu.
"Huko kazini," akasema,
"mnalima?"